Kitufe Chini ya Kidole Gumba

Shangazi yangu akiona kamera imeinuliwa, hunyamaza. Si kwa hasira. Hunyamaza kama mtoto aliyeitwa jina ghafla darasani: anarekebisha kitambaa cha kichwa, anabana mikono ubavuni, anakaza shingo na kutazama mbele kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Hata akiwa katikati ya wimbo, wimbo utasubiri.

Kazi yangu ni kurekodi sherehe za watu. Naishi Embu mjini, na karibu kila Jumamosi niko kwenye boma la mtu nikiwa na kamera, harusini au kwenye mahari, na nimezoea watu wa kila namna. Wapo wanaojificha, wapo wanaonifuata nyuma siku nzima wakitaka waonekane. Wote nina njia ya kuwapata. Tata, ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu, ndiye pekee aliyenishinda, na ndiye niliyemtaka kuliko wote.

Ameolewa Kibugu, kule juu karibu na msitu, na mpaka leo anachuma majani chai yake mwenyewe. Lakini alizaliwa Gachoka, kwenye joto, katika boma la baba yangu. Kila msichana wa boma hilo anapokuja kuposwa, Tata huteremka kutoka kwenye baridi yake kuja kufunga lango.

Kwetu wageni wa mahari hawaingii hivi hivi. Wanawake wa nyumbani husimama langoni na kuimba, wanawake waliokuja na bwana harusi hujibu kutoka nje, na lango halifunguliwi mpaka wenyeji waridhike. Siku hizi nyimbo za lango ni nyingi, na nyingi zimetoka redioni. Wa Tata ni wa nyumba yetu. Nyanya aliutunga, akamwachia yeye. Ndani yake anawauliza wageni wamevuka mito gani kuja kwetu, mmoja baada ya mwingine, nao lazima waitaje kwa kuimba kuanzia ulio karibu na kwao. Wakiruka mto, wanatozwa leso na soda, kisha wanaanza tena. Mito ikiisha, Tata anaimba ubeti wa mwisho, peke yake, na hapo ndipo lango hufunguliwa.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya binamu yangu, kitinda mimba wa baba mdogo. Nyuma yake, boma letu halina msichana mwingine wa kuposwa isipokuwa wawili walio shule ya chekechea. Magoti ya Tata si ya kuwangoja hao. Kama nisingeupata wimbo safari hii, nisingeupata tena, na hakuna mwingine anayeujua wote.

Nilikuwa nimemwomba mara nyingi aniimbie nyumbani kwake, tumekaa tu.

"Nimwulize nani mito?" alinijibu. "Kuku?"

"Niulize mimi, Tata."

"Wewe umevuka mto gani kuja kunioa?"

Hakuwa anakataa kurekodiwa. Alinieleza jambo hilo waziwazi, akiwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili. "Rekodi, mwana wa kaka. Hata mimi nataka ubaki. Ila ukiniinulia hicho kitu, najikuta nimenyamaza. Sijui ni nini. Mwili wenyewe unasimama."

Kwenye mahari ya dada yangu niliinua kamera, nikapata dakika nzuri sana za Tata akiwa amesimama kama kitambulisho huku wageni nje ya lango wakijiuliza kama amekasirika. Kwa binamu mwingine niliweka kamera juu ya stendi na kuiacha ijiendeshe. Tata hasimami mahali pamoja akiimba. Hutembea huku na huku mbele ya lango, na watu humfuata. Nilipata migongo. Wala sikuweza kuiwasha mapema na kuiacha irekodi mpaka wageni wafike, kwa sababu wageni wa mahari hawajulikani watafika saa ngapi, na jua la Gachoka huichemsha kamera yangu mpaka inajizima.

Kilichobaki ni kuibeba chini, usawa wa paja, kama mtu aliyebeba birika, na kutembea na Tata sako kwa bako. Tatizo lilikuwa kitufe cha kurekodi. Kwenye kamera yangu kiko juu, upande wa kulia, mahali ambapo mkono ulioishika kwa chini haufiki. Ili nikibonyeze ilibidi niiname na kutumia mkono wa pili, na Tata akiniona nimeinama juu ya kamera, kwake ni sawa na kuinuliwa.

Kisha jioni moja, nikitazama video za watu wa kazi yangu kwenye simu, nilimwona mtu akitembea sokoni, sijui nchi gani, kamera yake ikining'inia kwenye kishikio. Kidole gumba chake kilisogea kidogo tu, na taa nyekundu ikawaka. Nilirudisha nyuma nikatazama tena. Kilikuwa kishikio chenye kitufe chake chenyewe na waya mfupi unaoingia kwenye kamera. Chai yangu ilipoa nikiwa bado narudisha nyuma.

Asubuhi nilianza kutafuta, na nilitafuta kwa utaratibu, kama ninavyofanya kila kitu. Kwanza niliandika aina ya tundu la waya kwenye kamera yangu, kwa sababu kishikio kisichoingia hapo ni kipande cha plastiki tu. Kisha nikazunguka Embu mjini, duka kwa duka. Duka moja lilikuwa na kishikio kizuri kisicho na kitufe. Katika la pili kilikuwapo chenye kitufe, nikakibonyeza kwa furaha, kumbe kimechorwa. La tatu walikuwa nacho hasa, cha kampuni yenyewe, katika sanduku lake, na bei yake ilinifanya nikirudishe sandukuni taratibu, kama mtu anayemrudisha mtoto mchanga kwa mamake. Ilikuwa bei ya mbuzi, na si mbuzi mmoja.

Mpiga picha mwenzangu ndiye aliyenitajia Meru. Alisema mtaa wa Majengo, nyuma ya msikiti, kuna mtu anayeuza vyombo vya umeme vilivyotumika, vinavyomjia kwa makatoni kutoka Mombasa. "Hajui nusu ya vitu alivyo navyo," alisema. "Enda na subira."

Nilienda nikiwa na kamera badala ya subira. Barabara kutoka Embu hadi Meru inavuka mito yote ya wimbo wa Tata, na nilipovuka kila daraja niliutamka mto wake kimoyomoyo: Ena, Thuci, Nithi, Mutonga, na mwisho, mjini kwenyewe, Kathita. Bwana harusi wa binamu yangu ni wa Meru. Watu wake wangepita hapo hapo wiki iliyofuata, kinyume changu.

Duka lilikuwa kati ya bucha na fundi viatu. Mwenyewe alikuwa mwanamume wa makamo, kofia nyeupe, ndevu zimetiwa hina. Nilimweleza ninachotaka.

"Kamera ziko," alisema. "Vishikio sina. Hao Embu yote hawana mpini mmoja?"

"Wanao. Bei yake ndiyo haishikiki."

Nilimtajia. Akatikisa kichwa. "Hiyo si bei, dada. Hiyo ni harambee."

Aliniruhusu nitafute mwenyewe. Nilipekua rafu ya kamera zilizokufa, kisha ya redio, kisha ya nyaya zilizosokotana kama tambi. Hakuna. Karibu na mlango kulikuwa na katoni ya mashine za kunyolea nywele, na sijui kwa nini niliiangalia, labda kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokuwa sijakiangalia.

"Hizo ni za kinyozi," alisema. "Au unataka kuinyoa kamera?"

Katikati ya mashine hizo kulikuwa na moja isiyo na meno. Nyeusi, nene kiasi cha kujaza kiganja, waya mfupi umezungushiwa shingoni, na mahali pa kidole gumba doa jekundu.

Niliitoa taratibu. Nilihisi masikio yangu yakipata joto.

"Hiyo mbovu," alisema. "Kinyozi wa hapo chini aliinunua, akairudisha siku hiyo hiyo. Alisema haikati hata unywele wa mtoto."

"Hii si ya kunyolea."

"Sasa ni ya nini?"

"Ngoja kidogo."

Niliufungua waya. Ncha yake niliijua kabla sijaigeuza. Iliingia kwenye kamera yangu kwa ule mlio mdogo wa kitu kilichofika kwake. Nilikaza skrubu chini ya kamera, nikashika, nikabonyeza.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Mwenye duka alinitazama kwa huruma ya mtu aliyeshaambiwa na kinyozi. Ndipo nilipoona ubavuni mwa kishikio kidude kidogo cha kusukuma, kimechorwa kufuli. Kilikuwa kimefungwa. Nikakisukuma, nikabonyeza, na kwenye skrini ya kamera doa jekundu likawaka na dakika zikaanza kuhesabika.

Sikupiga kelele. Nilimwambia tu, kwa sauti niliyoilazimisha iwe ya kawaida, kwamba sijaelewa vizuri ile habari ya kinyozi, anisimulie tena. Niliishusha kamera usawa wa paja, kama niliyechoka kuibeba. Akasimulia. Alisimama akaigiza jinsi kinyozi alivyoiwasha, alivyoipuliza, alivyomwambia mteja ainamishe kichwa zaidi. Aliiga hata uso wa mteja. Kidole changu kikabonyeza mara ya pili.

"Mzee," nilisema, "nilikuwa nakurekodi. Nilitaka kuona kama inawezekana. Ukisema nifute, nafuta sasa hivi."

Alichukua muda kuelewa. Kisha akainama juu ya skrini na kujiona mzima, mikono hewani, akimwinamisha mteja ambaye hakuwapo.

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Hapo ulipo."

"Kofia imekaa upande," alisema. Halafu akatoa kichwa mlangoni kumwita mwenye bucha. "Shekhe, acha hiyo nyama. Njoo unione."

Walitazama mara tatu. Mwenye bucha alisema kinyozi mwenyewe lazima aione, na nikaambiwa nitume kwa simu ya duka kabla hatujazungumza bei. Nilipotuma, mwenye duka alinigeukia. "Niliiuza kama mashine ya kunyolea, na bei yake ni ya mashine ya kunyolea. Shida ni macho yako, dada. Macho yako yanaipandisha."

Niliangalia sakafu. Akacheka. Tukakubaliana bei ya jogoo mkubwa, na nilitoka Majengo nimekibeba kishikio mkononi, sikukiweka hata mkobani.

Wiki nzima nilifanya mazoezi nyumbani. Nilikata mlio wa kamera ili isilie ninapobonyeza. Nilijifunza kuielekeza bila kuitazama, nikirekodi kabati, mlango, jirani akianika nguo (kwa ruhusa yake), mpaka nikajua ni kiasi gani cha kukunja kifundo cha mkono ili uso wa mtu aliye karibu nami uingie wote. Kitufe chenyewe kilikuwa na mguso mgumu kidogo, kama punje ya mahindi. Kidole kilijua kitufe kikiwa kimebonyezwa.

Ilikuwa vizuri kwamba kilijua, kwa sababu siku ya mahari pale Gachoka jua lilikuwa kali mno, na skrini haikuonyesha chochote ila uso wangu mwenyewe. Wageni walikuja wakiwa wamechelewa kama ilivyotarajiwa, magari manne na pikapu iliyobeba tangi jipya la maji lenye utepe. Wanawake wao walishuka wakajipanga nje ya lango, mbele yao shangazi wa bwana harusi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo. Wetu walijipanga ndani. Tata alikuja mbele, leso mbili kiunoni, akatazama kulia na kushoto. Aliniona. Aliitazama kamera ikining'inia mkononi mwangu kama mfuko wa sukari, kisha akaiacha.

Kidole changu kilikwenda chini. Mguso wa punje ya mahindi.

Akaanza. Nilikuwa nimesahau jinsi anavyoanza chini, karibu kama anaongea, ili wageni walazimike kusogea kumsikia. Aliwauliza wametoka wapi. Wakajibu. Aliwauliza wamevuka mto gani, na shangazi mrefu akajibu Kathita kwa sauti iliyofika barabarani. Tata akatembea, nikatembea naye. Mutonga. Nithi. Wetu wakipiga makofi, vumbi likipanda, na Tata akiwa hatua moja kutoka kwangu, kichwa nyuma, mdomo wazi, hajali lolote. Sijawahi kuwa na furaha ya kazi kama ile. Nilitaka kucheka na niliogopa kuitikisa kamera.

Baada ya Thuci wageni walinyamaza, wakisubiri kufunguliwa.

Tata akauliza tena: mto gani?

Wakatazamana. "Imeisha," mmoja alisema.

"Na Ena?" Tata aliimba, na wanawake wetu wakapasuka.

"Ena si mto," shangazi mrefu alisema. "Ile ni maji ya kunawa miguu."

"Basi mngenawa, mkaitaja."

Walilipa. Leso iliwekwa mabegani mwa Tata, soda zikaahidiwa, na wakaanza upya kutoka Kathita, haraka, wakicheka, na safari hii waliiimba Ena mara mbili ili pasiwe na malalamiko. Ulibaki ubeti wa mwisho. Tata alivuta pumzi.

Pikapu ikapiga honi. Dereva wa tangi alichoshwa na jua, nadhani, na vijana wetu walioshika lango wakadhani ni ishara. Wakalifungua. Wageni wakaingia kwa vigelegele, na Tata akabaki pale amefungua mdomo, leso ya faini mabegani, watu wakimpita pande zote mbili.

Nilibonyeza kusimamisha. Nilikuwa na wimbo wote isipokuwa mwisho wake.

Hotuba zilitolewa, tangi likatambulishwa, chakula kikaliwa. Jua lilipoanza kulegea nilikwenda jikoni, nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango ambako kuna kivuli, nikaweka kamera mapajani kuona nilichopata. Wanawake waliokuwa wakiosha sufuria walisikia sauti ya Tata ikitoka mapajani mwangu na wakaja na mikono ya sabuni. Tata mwenyewe alikuwa pale, akikoroga uji wa wazee. Akaja na mwiko wake.

Alijitazama. Kwenye skrini alikuwa juu yetu, mbingu nyuma yake, akitembea na kuuliza mito.

"Huyu ni mimi?" alisema. "Na ulikuwa umeinama saa ngapi?"

"Sikuinama, Tata. Ni hapa." Nikamwonyesha kitufe. Alikigusa kwa ncha ya kidole, akakitazama kidole.

Wakati huo shangazi wa bwana harusi alitokea mlangoni na chupa ya chai tupu, akitaka ijazwe. Alisikia upande wake ukiiruka Ena, akasimama kizingitini.

"Hapo ndipo mlipotuonea," alisema.

Tuliendelea kutazama, yeye akiwa nje, sisi ndani, mpaka honi ikalia kwenye kamera na picha ikakatika.

"Walinikatia," Tata alisema. "Hawa watu waliingia bila kufunguliwa."

"Sisi?" Shangazi mrefu aliangalia miguu yake. Viatu vyake vilikuwa upande wa nje wa kizingiti. "Mimi bado sijaingia."

Tata alimtazama. Kisha akanyoosha mwiko, ukidondosha uji, akaukingamisha mlangoni kama lango.

Kamera ilikuwa mapajani mwangu, inaelekea mlango. Sikuiinua. Kidole gumba kilisogea, na pale kivulini niliweza kuliona vizuri doa jekundu likiwaka.

Tata aliimba ubeti wa mwisho. Alisema mito yote mmeivuka, umebaki mmoja, nao hauna jina wala daraja, ndio huu wa mlangoni. Haukauki kiangazi, na hauvukwi ila kwa kushikwa mkono na mwenye nyumba. Alisema binti yetu atauvuka akitoka, na siku atakapotaka kurudi kututazama, msimwambie umefurika. Shangazi mrefu, aliyekuwa hajawahi kuusikia, alisubiri mpaka sauti ikashuka, kisha akajibu kwa Kimeru kwamba wamesikia, hawatasema hivyo. Tata akauondoa mwiko. Akatoa mkono wa kushoto, wenye uji kidogo, akamshika, akamvusha ndani pamoja na chupa yake.

Nikabonyeza.

"Umeupata?" Tata aliuliza bila kugeuka.

"Nimeupata wote."

"Haya." Aliweka mwiko chini, akarekebisha kitambaa cha kichwa, akabana mikono ubavuni, akakaza shingo. "Sasa inua hicho kitu, unipige picha."